Kila tarehe 1 nyumba yetu inalala giza kwa ajili ya shilingi 1,500

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Tanga, Ngamiani, nyumba ya marehemu baba. Nina miaka 38, ni kitinda mimba wa mama, na ndiye niliyebaki naye hapa. Mama ana miaka 67. Miguu inamsumbua, lakini akili yake ni timamu na masikio yake yanasikia hata yale nisiyotaka ayasikie. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam, dada wa katikati ameolewa Pangani. Baba alituacha hao watatu na mama.

Nyumba ni zile zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita, jiko na choo uani, mbele baraza na fremu moja, yote chini ya bati moja. Vyumba viwili tunakaa mama, mimi na wanangu. Vinne tumepangisha, 40,000 kila kimoja. Fremu ina fundi cherehani, analipa 100,000 mwezi kwa mwezi. Kodi naikusanya mimi, natoa matumizi ya mama na dawa zake, inayobaki namtumia kaka, na yeye ndiye husema nani apate nini. Mimi nauza mikate ya kumimina barazani asubuhi, hiyo ndiyo riziki yangu.

Mita ni mbili, ya nyumba na ya fremu. Zote zina jina la baba, na huu ni mwaka wa sita tangu atutoke.

Umeme wa nyumba tunanunua kwa zamu, kila chumba 5,000. Sasa ile kodi ya majengo hukatwa pale mtu anaponunua umeme mara ya kwanza mwezi ukianza. Anayenunua tarehe 1 kwa 5,000 anakatwa 1,500 na kupata yuniti zisizofika 10. Anayenunua tarehe 4 kwa 5,000 hiyohiyo anapata yuniti 14. Watu wakaligundua hilo. Mwezi ukikaribia kwisha kila chumba kinajibana, kinamngoja mwenzake.

Mita ipo ukumbini, juu ya mlango wa mama. Yuniti zikibaki chache inawaka taa nyekundu na kulia, pii, pii, pii. Wote tunaisikia. Mwezi uliopita ililia tangu magharibi mpaka saa tano usiku, kisha umeme ukakatika, na mlango hata mmoja haukufunguliwa. Shangazi, na mimi sikutoka. Nilikuwa na 5,000 kwenye simu. Mwanangu wa darasa la saba alimalizia hesabu zake kwa tochi, na gizani nikamsikia mama anasema peke yake, "Nyumba ya mume wangu imefikia hapa." Sikupata usingizi.

La pili ni la fundi. Aliingia fremu Julai. Kabla yake ilikaa tupu tangu mwanzo wa Februari mpaka mwisho wa Juni. Siku ya kwanza alinunua umeme wa 20,000 ili aanze kazi, akakatwa 9,000. Alinijia na simu mkononi, akanionyesha ule ujumbe, wala hakupandisha sauti. "Dada, mimi nimeingia leo. Deni la miezi sita nimelipata wapi?" Mwisho wa mwezi akanipa 91,000 pamoja na kikaratasi alichoandika vizuri: kodi ya jengo 9,000. Kaka alipoona fedha pungufu akawaka. Anasema kodi ya serikali imewekwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na LUKU anaitumia mpangaji, asiyetaka aondoke. Ameniagiza nimpe fundi notisi ya mwezi mmoja.

La tatu, kaka amesikia kuwa wazee wa miaka 60 wamesamehewa kodi hii. Anataka nimpeleke mama TRA, mamlaka ya mapato, aseme wote wanaokaa mle ni watoto na wajukuu zake, na fremu ni ya mwanawe. Nilipomfikishia mama alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Huyo fundi nilimzaa lini?"

Lakini kaka naye ana neno linalonishinda kulijibu. Mtaro wa mbele umeziba. Masika maji yanapanda mpaka ngazi ya baraza, jiko langu la mikate nalinyanyua na kuliweka juu ya benchi. Taa ya barabarani haiwaki. Kaka anauliza, "Fedha yote hiyo inakwenda wapi? Tunalipia nini?" Hapo ulimi wangu unakuwa mzito, maana maji nayaona kwa macho yangu.

Nimtoe fundi? Nimpeleke mama akaseme hayo? Na kwa mtaro ule, kuna haki gani ya kulipa?

Kitinda mimba, Ngamiani

* * *

Marahaba, mwanangu. Fundi asihame.

Naanza na hilo kwa sababu linaweza kufanyika wiki hii na likafanyika vibaya. Fundi wako ana haki, na kikaratasi chake ni cha mtu anayejua haki yake na bado ana adabu. Wapangaji wa namna hiyo hawapatikani kila siku.

Kodi ya majengo ni deni la mwenye nyumba. Ilikuwa hivyo halmashauri zilipokuwa zinaikusanya zenyewe, ikabaki hivyo ilipopelekwa TRA mwaka 2016, na ni hivyo mpaka leo. Agosti 2021 serikali ilipoanza kuikata kupitia LUKU ilibadilisha njia ya kuikusanya tu. Ofisa hakuweza kubisha hodi kila nyumba ya nchi hii, lakini umeme watu wananunua wenyewe, kwa hiyo kodi ikapachikwa humo. Mdaiwa alibaki yuleyule. Wapangaji walipolalamika wakati ule, jibu la serikali lilikuwa kwamba mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba wake, ipunguzwe kwenye pango. Ndicho alichofanya fundi.

Kinachomchanganya kaka yako, na si yeye peke yake, ni lugha yetu wenyewe. Neno ni moja, kodi. Mpangaji anampa mwenye nyumba kodi. Mwenye nyumba anaipa serikali kodi. Ukisema haraka haraka "kodi ya nyumba" hujulikani unaisema ipi. Kaka anaipokea ile ya kwanza kila mwezi, na ile ya pili anamsukumia mtu yuleyule aliyemlipa ya kwanza. Nyumba yenu inaingiza 260,000 kwa mwezi. Kodi ya jengo la kawaida tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Hiyo 1,500 haifiki hata shilingi moja katika kila mia mnayopokea. Na mnamwachia fundi aitoe, mtu anayehesabu hata uzi wa cherehani.

Zile 9,000 zake tuzifungue tuone. Fremu ikikaa bila mtu hakuna anayenunua umeme, na kodi haisimami kwa sababu hiyo, inajikusanya. Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni, miezi mitano, 7,500. Ongeza Julai yenyewe, 1,500. Miezi mitano ya kwanza fundi hata hakuwa amekanyaga baraza lenu. Wa sita alikuwepo, lakini jengo si lake. Chukua kikaratasi chake, andika "nimekubali", weka sahihi na tarehe, mrudishie, nawe baki na nakala. Kesho akija mpangaji mwingine kwenye fremu iliyokaa tupu, wewe nunua umeme kwanza uone deni ni kiasi gani, ndipo umpe ufunguo.

Sasa ile mita inayolia usiku.

Barua yako niliisoma mara mbili hapo, na mara ya pili niliiweka chini kwanza. Vyumba vitano vya watu wazima vinasikia mlio mmoja, na kila chumba kinangoja chumba kingine kishindwe. Wewe mwenyewe ulikuwa na 5,000 na hukutoka. Umelisema bila kulazimishwa, sitakuongezea neno. Lakini angalia, hao wapangaji hawakuwa wakaidi wala wachoyo. Walikuwa wanakimbia deni lisilo lao, na hakuna aliyekuja kulichukua. Mwenye nyumba akilichukua, mlio unakwisha siku hiyo hiyo.

Dawa yake ni hii. Tarehe 1 ya kila mwezi, kabla hujamtumia kaka hata senti, toa 2,000 kwenye fedha za pango, nunua umeme wa mita ya nyumba wewe mwenyewe. 1,500 itakatwa kodi, 500 itabaki umeme kidogo wa watu wote. Kuanzia hapo mpangaji akinunua 5,000 anapata yuniti zake 14 kamili, awe wa kwanza, awe wa mwisho. Ule ujumbe wa LUKU usiufute. Utakuta umeandikwa gharama ya umeme, VAT, tozo ya EWURA asilimia 1, tozo ya REA asilimia 3, na mstari wake peke yake kodi ya majengo. Uandike kwenye daftari lako la kodi: tarehe, namba ya mita, kiasi. Daftari hilo ndilo litakalokusemea siku mambo yakifika mbele ya watu.

Kuna jingine kwenye barua yako ambalo wewe na kaka mmelipita. Mnatozwa mara mbili. Kodi hii hutozwa jengo, si mita. Mwenye nyumba mbili kwenye mita moja anatakiwa kulipia zote mbili, na mwenye nyumba moja yenye mita tatu hulipia moja. Nyumba yenu ni moja, bati moja, ila mita ya nyumba inakatwa 1,500 na ya fremu inakatwa 1,500. Ni 18,000 ya ziada kila mwaka, na kaka anagombana na fundi juu ya fedha ambayo hata yeye kaka hakupaswa kuitoa.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa akupe barua ya kueleza kwamba fremu ni sehemu ya jengo hilo moja. Beba namba za mita zote mbili, zile jumbe za LUKU, na kitambulisho chako, uende halmashauri uulize wanaoshughulikia kodi ya majengo. Omba mita ya fremu iondolewe kwenye makato. Kuhusu zilizokwisha kukatwa, uliza pia, na uliza kwa maandishi, barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo mbele ya kaunta linaisha foleni inaposogea.

Nije kwa mama.

Msamaha wa wazee upo, ni wa kweli, na nimefurahi kwa kila mzee aliyeupata. Umewekwa kwa ajili ya mtu wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa ile nyumba yake anayoishi mwenyewe. Fikiria bibi aliyebaki na vyumba vyake viwili na mwembe mmoja uani, mwezi unaingia na unatoka hajashika noti. Huyo ndiye aliyewekewa. Nyumba yenye wapangaji wanne na fremu ya laki moja ni jambo jingine, na wanaoamua ni wasimamizi wa kodi hiyo baada ya kuelezwa ukweli. Mkitaka kuuliza, ulizeni, si dhambi. Semeni: mama ana miaka 67, anaishi humu, vyumba vinne na fremu vimepangishwa, fedha inakwenda huku na huku. Wao watajibu.

Ila kumbebesha mama maneno ya uongo, hapana. Nimeshasikia wakisema ni uongo mdogo, wa 1,500 tu. Nani atausema? Yule anayelala chini ya mita. Ni yeye atakayepanda ngazi za ofisi kwa miguu ile, akae kwenye benchi, aseme fundi ni mwanawe, arudi nyumbani amkute fundi barazani amsalimie. Fundi atajua, Ngamiani siri haivuki barabara mbili. Mama amekwisha kukupa jibu lake aliponyamaza na kukuuliza alimzaa lini. Lishike hilo, mwambie kaka hivyohivyo alivyosema.

Na hata mngetaka, karatasi zenyewe zingewakataa. Msamaha ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kwenye kila karatasi yenu bado ni marehemu. Miaka sita! Nitarudi hapo.

Mimi ni mtu mzima, mwanangu, naelewa kwa nini watu wetu neno kodi likitajwa mikono inakwenda kuficha. Nimeishi siku za kodi ya maendeleo, kabla haijafutwa mwaka 2003. Mgambo walikuja alfajiri, na mwanamume asiye na stakabadhi alipitia dirishani, watoto wake wakimwangalia. Mtu aliyemwona baba yake akipita dirishani hawezi kuipenda kodi, hata umweleze kwa hesabu nzuri namna gani. Sidhani kaka yako ni mtu mbaya. Anafanya alichoona wakubwa wanafanya. Lakini baba zetu walikimbia kodi ya vichwa vyao, mali hawakuwa nayo. Yeye anakimbia kodi ya mali inayomlipa kila mwezi.

Ndipo tunafika kwenye mtaro, na hapa kaka yako ana swali la haki, ila amelipeleka mlango usio wake.

Huduma za mji hazitoki mfuko mmoja. Watu wengi wanadhani kuna kapu moja kubwa ambalo kila mtu anatupia na kila kitu kinatoka humo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, halmashauri inapata mgao wake. Mtaro wa mbele ya nyumba yenu uko kwenye barabara ya mtaa, na barabara za mitaa na mitaro yake tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Fedha za TARURA sehemu kubwa zinatoka kwenye mafuta ya magari. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za mijini na vijijini. Bodaboda anayekuletea unga wa mikate, akijaza lita mbili, amechangia 200 pale pale kituoni. Kwa hiyo mkigoma kulipa kodi ya jengo, mtaro hauna habari nanyi. Na mtagomaje, iwapo iko ndani ya umeme? Mtakaa giza nyinyi, na mtaro umejaa vilevile.

Maji ya bomba nayo yana njia yake. Yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, na mamlaka ya maji ya Tanga inaendeshwa na bili zenu. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilitoa hatifungani ya kijani, yaani cheti cha kuikopesha mamlaka, ya shilingi bilioni 53.12, wananchi na taasisi wakanunua, na fedha hiyo ni ya kupanua miundombinu ya maji. Italipwa kwa bili za watu kama mama yako. Shule ya mwanao anayefanya hesabu kwa tochi, elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa 10,000 kwa mwaka. Kodi ya nyumba yenu yote kwa mwaka mzima, 18,000, haitoshi ruzuku ya watoto wawili. Nyumba yenu pekee ina watoto wangapi, ukihesabu na wa wapangaji? Simtetei mtu aliyeacha mtaro uzibe. Nataka kaka aone ukubwa wa anachokilipa kabla hajauliza kimekwenda wapi, na akiuliza, aulize mahali kunakojibika.

Pa kuuliza papo. Piga picha ya mtaro leo ukiwa mkavu, na nyingine siku ya mvua, maji yakiwa kwenye ngazi na jiko lako juu ya benchi. Usingoje masika. Andika barua kwa meneja wa TARURA, ipitishe kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala mpe diwani, na ndani yake itaje na taa ya barabarani. Majirani wa pande zote mbili watie sahihi, kwa sababu mtaro haufunguliwi mbele ya nyumba moja tu, maji yatasimama kwa jirani. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda, hata kama mikate haijaisha, uombe mapato na matumizi yasomwe. Baraza la madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nimewahi kukaa kwenye viti vile vya nyuma. Mara nyingi ni vitupu, na diwani akinyanyua macho akaona wanawake sita wa mtaa wake wamekaa pale kimya, hotuba yake inabadilika.

Na kabla ya barua, shuka barazani utazame mtaro umezibwa na nini. Nakuuliza kwa upendo. Kama ni mchanga ulioshushwa na mvua, ni kazi ya TARURA. Kama ni chupa za maji, mabaki ya vitambaa na mifuko ya unga, basi nanyi mna jumamosi moja ya koleo na reki, wapangaji wote, na fundi pia. Barua itakuwa na nguvu zaidi ikisema "tumezoa taka wenyewe, kilichobaki ni mchanga na kifuniko kilichovunjika."

Limebaki la kaka, na ndilo zito.

Wewe unakusanya, yeye anagawa. Nani alimpa kazi hiyo? Ukubwa wa kuzaliwa ni heshima, haumfanyi mtu msimamizi wa mirathi. Miaka sita nyumba ina jina la marehemu, mita zina jina la marehemu, na fedha inakwenda kwa simu ya mtu mmoja. Itisheni kikao cha ukoo, mama na nyinyi watatu na mzee mmoja wa upande wa baba. Andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo cha RITA, mwende Mahakama ya Mwanzo iwateulie msimamizi. Anaweza kuwa kaka, anaweza kuwa wewe. Kuanzia hapo kila anayegawa atatakiwa kuonyesha hesabu.

Mkigawa kwa sheria ya dini yetu, kama warithi ni hao uliowataja, mama ana thumni yake, moja ya nane, inayobaki ni ya watoto, wa kiume mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Basi kila mwenye fungu kwenye kodi inayoingia ana fungu lilelile kwenye kodi inayotoka. Nimepiga hesabu. Kwa 18,000 ya mwaka, la mama ni 2,250. Lako na la dada yako, 3,937 na nusu kila mmoja. La kaka, mwenye sehemu kubwa kuliko wote, ni 7,875. Kwa mwaka mzima. Fundi alikatwa 9,000 kwa asubuhi moja.

Hiyo hesabu usimtumie kwa ujumbe wa simu, na usimsomee mbele ya wake zenu na waume zenu. Mpigie usiku akiwa ametulia. Mwanzie na mama, mwambie alichosema gizani siku ile. Nadhani hajui. Watoto walio mbali huambiwa mama hajambo, dawa zimenunuliwa, na kweli mama hajambo, ila hawamsikii akizungumza peke yake. Akishasikia hilo, ndipo mtaje fundi na hizo namba mbili, 7,875 na 9,000, kisha mwachie nafasi aseme. Akifoka, mwambie notisi hutoi, na kama anaitaka aje aiandike mwenyewe, aikabidhi barazani mama akiwa amekaa pale.

Dada wa Pangani mpigie kwanza kabla ya kaka. Na yeye ana fungu, na sijaona kwenye barua yako hata mara moja kwamba ameulizwa.

Tarehe 1 ijayo, swali asr, kisha nunua ile ya 2,000. Ingiza tokeni mwenyewe, pale ukumbini, juu ya mlango wa mama. Halafu gonga mlango mmoja mmoja uwaambie wapangaji kuwa ya mwezi huu imelipwa na ya kila mwezi italipwa, mama akisikia.